Kurasa Nilizoziita Tanbihi

Papa Kalala alizikwa Jumamosi, mimi nikafika Johannesburg Jumanne, na kama nitasema kweli, jambo ambalo sura hii inanilazimisha, niliipanga safari iwe hivyo. Kaburi lina tabia ya kumtazama mtu. Matanga ni nafuu: unapewa kiti cha plastiki, sahani, na jirani wa kumweleza jinsi ndege ilivyochelewa. Ilikuwa mwaka 2019. Mkobani nilikuwa na kitabu kimoja chembamba cha mwandishi mwanamke wa Marekani, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa yeye hakukosa lolote. Katikati ya kitabu kulikuwa na utepe wa kitambaa cha bluu, kipande cha pindo la suruali ya mtu fulani. Papa Kalala aliukata kwa mkasi wake mwenyewe akauweka pale nilipoishia kusoma. Kwa miaka minne utepe ule ulikuwa haujasogea hata ukurasa mmoja.

Mwaka wenyewe ninaotaka kuueleza ni 2015. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, umri ambao wenzangu niliosoma nao Tanga walikuwa wanawasimamia watoto wao kufanya mitihani, na mimi bado ninavaa kitambulisho cha mwanafunzi shingoni. Nilipanga chumba Doornfontein, ghorofa ya sita, dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine kwa karibu kiasi kwamba nilijua ratiba ya sabuni ya majirani. Jiko lilikuwa la wapangaji wanne. Ndani ya jokofu kila mmoja aliandika jina lake kwa kalamu juu ya mayai yake, na mimi niliandika langu yai kwa yai, herufi kubwa, kisha nikarudi chumbani kuendelea na tasnifu yangu ya uzamivu. Tasnifu ilihusu mji usio na funguo. Sikuona kichekesho chochote katika hilo wakati ule. Nilikuwa msomi.

Kitabu cha yule Mmarekani hakikuwa riwaya wala mashairi. Kilikuwa nathari iliyoandikwa kwa pumzi ya ushairi, aya fupi fupi, kila aya inaanza na mtu anayefika. Watu waliochoka na viwanda na nyumba za kupanga wanafika kwenye uwanda mtupu, mmoja mmoja, na wanajenga mji. Katika aya niliyoipenda kuliko zote wanazitoa funguo zao mifukoni na kuzitupa kisimani, na maji yanazipokea bila kuuliza zilikuwa za milango ipi. Hapo ndipo katikati ya kitabu. Nusu ya pili nitaieleza kwa wakati wake, ingawa wakati wake ulikuwa zamani sana na niliupitisha. Msimamizi wangu wa tasnifu, mtu mpole aliyekuwa akila tufaha wakati wa kusoma kazi za wanafunzi, aliniambia sura zangu zote ni nzuri ila hazina mtu hata mmoja ndani yake. Akanishauri nitafute wasomaji halisi. Wiki hiyohiyo zipu ya sketi yangu ikakatika, na ndivyo nilivyowapata.

Karakana yao ilikuwa Jeppestown, juu ya gereji ya mabomba ya moshi ya magari, kwa hiyo sakafu ilikuwa inatetemeka na kila kitambaa kilinuka chuma kilichoungua. Walikuwa mafundi watano. Wawili, ndugu wa Burundi, walishona kimya kama watu wanaosali. Walioongea ni watatu. Papa Kalala, wa Lubumbashi, alikuwa mkubwa wao, mrefu, aliyeinama hata akiwa amesimama. Mama Zawadi, wa Bukavu, alishona magauni ya harusi. Na Shabani, mtu wa Tanga kama mimi, alishona suruali na kusengenya, na sijui ipi ilikuwa kazi na ipi mapumziko. Walikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Jioni kila fundi alifungua skrubu za cherehani yake, akakinyanyua kichwa cha mashine kutoka mezani, akakifunga kwenye kitambaa na kuondoka nacho nyumbani. Asubuhi alikirudisha. Meza zilibaki, kwa kuwa nani ataiba meza. Mama Zawadi alibeba chake mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, na siku moja bibi mmoja aliyesimama naye kwenye robot akisubiri taa ya kijani alimuuliza mtoto ana umri gani. "Miezi kumi," akajibu, "na hanyonyi."

Nilipofuata sketi yangu nilikaa wakati wa chakula cha mchana, nikatoa kitabu, nikawasomea kwa Kiswahili moja kwa moja, nikitafsiri papo kwa papo. Sikuwa nimeandika neno. Nilidhani watachoka baada ya aya tatu. Papa Kalala aliacha kijiko ndani ya kopo la sombe, kisamvu cha kwao, alilofungiwa na mkewe. "Endelea," alisema. Tangu siku ile nikawa naenda kila saa saba mchana, nikikaa juu ya meza ya pasi, wao wakila, mimi nikisoma. Nilinunua mkate kwenye spaza, kile kiduka cha chini, wao wakanipa sombe na samaki wadogo, na sikumbuki kula vizuri zaidi ya vile mahali popote.

"Ule muji," aliniuliza Papa Kalala siku ya pili, "batu banakula nini?"

"Hajasema, Papa."

"Asiposema, ni mihogo."

"Mwalimu," alidakia Shabani, "mimi nasubiri choo. Watu mia wamefika, sijasikia choo hata kimoja. Huo mji utanuka kabla ya kuwa mzuri."

"Wewe unasikiliza kwa pua," Mama Zawadi alimwambia, na hata wale ndugu wa Burundi wakatabasamu.

Usiku chumbani niliandika maneno yao yote katika daftari jekundu. Nilikuwa nimewaambia kwamba ninafanya utafiti, na walikubali kwa kichwa, kama mtu anavyokubali anapoambiwa kwamba mwenzake ana mzio wa vumbi. Lakini nisijifiche nyuma ya utafiti. Sijawahi kusikilizwa vile, kabla wala baada. Darasani chuoni, nilikofundisha kwa saa, wanafunzi wangu walikuwa wakitazama simu. Pale, nilipofika mwisho wa aya, mashine zilikuwa zimesimama.

Aya ya funguo niliisoma Ijumaa.  Papa Kalala alitazama nje ya dirisha, kisha akaomba niirudie, nikairudia, na nadhani mara ya pili niliipamba kidogo. Jumatatu nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa nusu ya pili. Nilikuwa nimeisoma tena usiku uliotangulia na kuweka alama za penseli. Nilipopanda ngazi nikakuta meza zimepangwa upya, duara, vichwa vya mashine vyote vipo mahali pake, na vile vitambaa vya kubebea vimekunjwa na kupangwa dirishani. Walikuwa wamekubaliana Jumamosi. Tangu siku ile hakuna aliyekuwa na mashine yake. Mwenye kazi ya zipu atakaa kwenye mashine nzuri kwa zipu, mwenye kitambaa kizito atakaa kwenye ile ya Papa Kalala, na jioni wote wataondoka mikono mitupu. Papa Kalala alikuwa amekwenda mbali kuliko wote. Nyumbani alikuwa na cherehani ya pili, ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, ya baba yake, aliyotoka nayo Lubumbashi. Nayo ilikuwa pale, katikati ya duara, mtu yeyote aitumie.

"Mke wangu amelia," alisema kwa fahari. "Aliniambia, acha angalau hii. Nikamuuliza, ukibakiza moja, umetupa nini?" Akapiga makofi. "Bon. Mwalimu, tunaendelea?"

Ninaukumbuka mdomo wangu ukiwa wazi. Katika nusu ya pili moto unatokea milimani na kushuka uwandani, watu wanakimbia, na kila mmoja anakimbilia ukuta wake na kutoa ufunguo wa pili wa mlango aliouacha alikotoka. Wote walikuwa nao. Chini ya tofali, ndani ya pindo la koti, ndani ya mkate mkavu. Mji mzima ulikuwa umejengwa na watu ambao hakuna aliyeuamini, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Hicho ndicho kitabu. Nusu ya kwanza peke yake ni kitabu kingine, ambacho yule mama hakukiandika.

"Kimekwisha, Papa," nilisema.

Fundi huwezi kumdanganya kwa kipimo. Alikichukua kitabu mkononi mwangu, akashika kurasa za kushoto kwa vidole viwili, kisha za kulia, akalinganisha unene kama mtu anayelinganisha mikono ya shati. "Bado kuna nusu."

"Hizo ni tanbihi," nikasema. "Maelezo ya wasomi. Nani alisema nini, mwaka gani."

"Zote hizi?" Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Wasomi munateseka, eh." Akainama, akakata ule utepe wa bluu, akauweka katikati na kunirudishia. "Siku moja utatusomea na hizo."

Ningeweza kusema kwamba sikutaka kuwavunja moyo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisema hivyo, hasa kwa watu walionialika kutoa mihadhara. Kuna sehemu ya ukweli. Sehemu nyingine ni kwamba tayari nilikuwa nimeiona sura ya tano ya tasnifu yangu: watu wamesikia njozi wakaiishi. Hakuna mwanafunzi wa fasihi anayekutana na jambo kama hilo akaliharibu kwa kusoma kurasa zilizobaki.

Wiki tisa zilizofuata zilikuwa nzuri, na hilo pia lazima niliandike, kwa sababu mtu mwenye hatia hupenda kusema kwamba kila kitu kilikuwa kibaya tangu mwanzo. Mmoja wa wale ndugu wa Burundi alianza kuongea, ikaonekana ana vichekesho vya kutosha mwaka mzima. Papa Kalala aliimba nyimbo za kanisani huku akikata. Mama Zawadi alimfundisha Shabani kushona lesi, na Shabani alilalamika kwamba sasa hata akioga ananukia harusi. Kulikuwa na ufa mdogo mmoja, niliouona na kuuandika katika daftari kwa furaha ya mtafiti: Shabani alikuwa akiondoka kila jioni na kile kikombe kidogo cha chuma kinachobeba bobini ya mashine yake, mfukoni. Bila hicho cherehani haishoni. Nilimkamata mlangoni.

"Mazoea tu, dada'ngu," alisema. "Usimwambie Papa."

Sikumwambia. Nilikuwa mtu hodari wa kutosema.

Baridi ilipoanza kuingia, maneno yakaanza. Ujumbe kwenye simu wa kuwatisha wageni, maduka yanayofunga milango mapema, mwenye gereji ya chini akiwaambia mafundi kwamba amesikia wanaume wa hosteli za vibarua wanafanya vikao kuhusu wageni. Katika mji ule maneno kama hayo huja na kupita, na kazi ngumu ni kujua yapi yatapita. Alhamisi moja tulikuwa tunakula bila hamu. Shabani alisema, "Eish, tubebe vichwa vyetu leo, mambo yakitulia turudishe," na alisema bila utani, jambo lililotuogopesha kuliko ule ujumbe wenyewe. Wale ndugu walimtazama Papa Kalala. Papa Kalala alisema kwamba mwenye jengo ana mlango wa chuma, na kwamba tukibeba leo hatutarudisha tena. Hapo Mama Zawadi akaweka sahani chini na kunigeukia.

"Mwalimu, mu kile kitabu, hatari haikufika?"

"Ilifika," nilisema.

"Walifanya nini?"

Wote walinitazama, kama zamani za aya ya funguo. Kusema kweli kungechukua dakika moja. Lakini kungeanza na kukiri kwamba zile kurasa hazikuwa tanbihi, kwamba kwa wiki tisa nilikuwa nimekaa juu ya meza yao ya pasi nikila sombe yao na kuwadanganya. Nilitafuta namna ya kusema habari ya funguo za pili bila lile la kukiri. Sikuipata.

"Walikaa," nilisema.

Papa Kalala aliitikia kwa kichwa. Mama Zawadi alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaokota sahani yake. Kesho yake, Ijumaa, aliomba ruhusa ya kwenda na mashine moja nyumbani, akisema ana gauni la bibi harusi wa Jumapili ambalo halitakwisha vinginevyo. Wakamcheka kwa kuchelewesha kazi, wakamruhusu. Jumatatu asubuhi Shabani alinipigia simu. Sikuelewa anachosema kwa sababu alikuwa anacheka, au nilidhani anacheka.

Nilipofika, mlango wa chuma ulikuwa umelala kwenye ngazi. Meza zilikuwepo, zimepinduliwa. Chaki za kukatia zilikuwa zimekanyagwa hata sakafu yote ikawa ya rangi ya waridi na buluu, kama sakafu ya chekechea. Hakukuwa na cherehani hata moja, hata ile nyeusi ya mkono. Shabani alitoa mfukoni kile kikombe cha bobini, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha pale vitambaa vya kubebea vilipokuwa, akasema, "Mimi ninacho hiki. Ninaanza upya."  Papa Kalala alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza ya pasi, mahali pangu. Nilimwendea nikiwa na maneno ambayo nimeyasahau.

"Tulikaa," aliniambia kwa upole, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake. "Kama wale."

Wale ndugu waliondoka kwenda Cape Town. Shabani alirudi Tanga, na kila Idi hunitumia picha ya mbuzi. Papa Kalala hakushika mashine tena. Alivaa koti la ulinzi lenye mistari ya kung'aa, akalinda magari nje ya duka la samani, na jioni alipokea mapindo ya nguo za majirani na kuyashona kwa mkono. Mimi nilimaliza tasnifu. Mtahini mmoja aliandika kwamba sura ya tano inapumua. Sura ile inaishia wiki ya tisa.

Basi ile Jumanne ya 2019 niliingia nyumbani kwa Papa Kalala, vyumba viwili nyuma ya kanisa lao, na nikakimbilia jikoni kama wafanyavyo watu wasiotaka kusalimiwa. Mama Zawadi alikuwa anasonga fufu kwenye sufuria kubwa, miguu yake ikiibana pembeni isiyumbe. Alinipa mwiko wa pili bila kuniuliza habari ya safari.

"Umekuja na kitabu?" alisema.

"Nimekuja nacho."

"Cha nusu, au kizima?"

Niliacha kusonga. Yeye hakuacha.

"Kule Bukavu nilikuwaka mwalimu wa shule ya msingi," alisema. "Halafu miaka sita kambini Malawi, nikifundisha watoto kwa Kiingereza. Wewe ulituuliza mambo mengi, dada. Tunakula nini, tunaota nini. Hukuuliza kama kuna anayejua kusoma. Ulikuwa unaacha mkoba juu ya meza ya pasi ukienda kununua mkate. Siku mbili, nikamaliza."

"Lini?"

"Wiki ya kwanza tu ya ule muji wetu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alichota fufu, akaibonda, akaigeuza. Alisema alinyamaza kwa sababu Papa Kalala alikuwa anaimba. Alisema pia kwamba alikuwa ananingoja mimi. Ile Alhamisi aliniuliza makusudi, mbele ya wote, ili nipate mlango wa kutokea.

"Na uliposema walikaa, nikajua utawaacha wakae. Nikaenda na yangu." Sauti yake haikupanda. "Sikuwaambia. Ningesema, wangeniuliza nimejuaje, na kwa nini nilinyamaza wiki tisa. Hakukuwa na bibi harusi wa Jumapili, dada. Nilikaa nyumbani siku mbili na mashine juu ya kitanda. Ile mashine ndiyo inanilisha mpaka leo, na kila nikiikanyaga ninamsikia yule mzee akiniambia, Zawadi, wewe Mungu alikupenda." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo usije hapa ukalia peke yako."

Tulipeleka chakula. Watu walikula, wakaomba, wakapungua. Mama Régine, mjane, alikuwa amekaa kwenye godoro chini, miguu imenyooshwa, kitambaa cheusi kichwani. Aliniita kwa kidole.

"Mwalimu wa kitabu," alisema. "Alikuwa anakungoja. Alisema kuna kurasa umebakiza. Alisema ni za wasomi, ni ngumu, lakini siku moja utarudi umsomee. Hata nikimwambia, Kalala, za wasomi utafanyia nini, alisema, mtu hawezi kuandika hivyo halafu mwishoni aandike takataka." Akajisogeza, akanipa nafasi kwenye godoro. "Nisomee mimi."

Nilimtazama Mama Zawadi. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani chafu mikononi, na hakuondoka.

Nikafungua pale penye utepe wa bluu. Nilidhani nitakwama kutafuta maneno, lakini Kiswahili chake kilikuwa tayari, aya kwa aya. Inaelekea nilikuwa nimekitafsiri kichwani kwa miaka minne bila ruhusa yangu. Nilisoma moto. Nilisoma kuta, na tofali, na pindo la koti, na mkate mkavu. Mama Régine alisikiliza amefumba macho.

"Wote walikuwa nazo?" aliuliza.

"Wote, Mama."

"Endelea."

Ukurasa wa mwisho anaongea mwanamke mzee ambaye ndiye amekuwa akisimulia tangu mwanzo. Anasema watu walimuuliza ufunguo wake wa pili aliuficha wapi, maana nyumba yake haikuwa na tofali wala mkate. Anasema alikuwa nao mdomoni muda wote, chini ya ulimi, na ndiyo sababu wengine walipokuwa wakiimba, yeye alisimulia tu. Hapo niliirudia sentensi tangu mwanzo, safari hii bila kuipamba.

Nikafunga kitabu. Mlangoni sahani ziligongana. Mama Régine aliupapasa ule utepe wa bluu uliobaki godoroni, akausugua kati ya vidole viwili, akiupima unene, kama wanavyofanya wake za mafundi.

"Huyo mama ameandika vizuri," alisema mwishowe. "Lakini siyo wote." Alifungua macho, na hakuwa ananilaumu, alikuwa ananisahihisha, kama mtu anavyosahihisha jina la marehemu lililokosewa kutajwa. "Wa kwangu hakubakiza."